Kila Mstari wa Wasifu Utaulizwa

Ukipewa fungu la wasifu wa waombaji wa kazi za TEHAMA kisha ukafunika majina, utapata tabu kumtofautisha mmoja na mwenzake. Wote ni wachapakazi. Wote wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa sana. Wote wanajua Java, PHP, Python, C++ na Microsoft Office, na wote wamefanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mahali ambapo "walihusika na matengenezo ya kompyuta na mtandao". Nimesoma mafungu mengi ya namna hiyo na nimekaa upande wa wanaouliza kwenye usaili. Kinachoniuma ni kwamba wengi wa wanaoachwa kazi wanaijua, na baadhi wanaijua kuliko waliochukuliwa, ila karatasi waliyoituma haikusema.

Wasifu wa kazi ya TEHAMA una msomaji wake. Afisa utumishi ataupitia kwanza, na pengine programu ya kuchuja maombi itamtangulia hata yeye, lakini mwenye neno la mwisho ni mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku: anayewasha seva alfajiri baada ya umeme kukatika, anayejua machungu ya kanzidata isiyo na nakala rudufu. Mtu huyo husoma akiwa na kalamu mkononi. Anapiga mstari chini ya neno fulani, na pembeni anaandika swali. Ndiyo maana nashauri wasifu uandikwe kwa kuufikiria usaili. Kila mstari unaouweka ni swali ulilolikaribisha mwenyewe. Weka mistari ambayo ukiulizwa utaongea kwa raha, utaomba karatasi uchore, utataja kilichoharibika na ulivyokitengeneza. Mstari ambao ukiulizwa utababaika, utoe, hata kama unapendeza.

Tuanze na huo wa matengenezo ya kompyuta na mtandao, kwa kuwa ndio unaojirudia kuliko yote. Anayeusoma haambulii kitu. Kompyuta ngapi? Mtandao wa watu wangapi, kwenye jengo moja au matawi sita? Ulihusika kwa kushika ngazi au kwa kusanidi swichi? Tuseme fildi yako ilikuwa hospitali ya wilaya. Mstari huohuo ungeweza kusomeka hivi: "Kwa wiki nane nilihudumia kompyuta 60 na printa 8 za hospitali ya wilaya. Nilianzisha jedwali la kuandikia kila hitilafu iliyoripotiwa. Baada ya wiki tatu lilionyesha kwamba malalamiko mengi ya mtandao yalitoka wodi ya wazazi. Tulikuta swichi ya huko inapata joto na kujizima, tukaihamishia mahali penye hewa."

Tazama mstari huo umesema nini bila kujisifu hata kidogo. Umesema kwamba wewe ni mtu wa kuweka kumbukumbu, kwamba unatafuta chanzo badala ya kuzima na kuwasha, na kwamba unajua kufanya kazi mahali ambapo mtandao ukikatika muuguzi anashindwa kumwandikisha mama mjamzito. Swali litakalofuata ni rahisi kulitabiri: mlijuaje kwamba ni swichi na si kebo? Jibu unalo, kwa sababu ulikuwepo. Utaeleza mlivyobadilisha kebo kwanza na tatizo likabaki, mlivyoziangalia taa za swichi saa nane mchana na kukuta zote zimezimika, mlivyoigusa mkaona inaunguza. Dakika tano za usaili zimekwisha na wewe ndiye uliyekuwa unaongoza mazungumzo.

Namba hazihitaji kuwa kubwa. Kompyuta 12 za maabara ya shule ya kata ni 12, na mtu aliyezitunza zikafanya kazi mwaka mzima katika vumbi na umeme wa kusuasua amefanya kazi ya kuheshimika. Kinachotakiwa ni namba iwe ya kweli na ujue imetoka wapi. Ukiandika kwamba ulipunguza hitilafu kwa asilimia 40, jiandae kueleza ulihesabu vipi, kabla ilikuwa ngapi na baada ngapi. Kama hukuhesabu, usiweke asilimia. Eleza tu kilichobadilika. Msomaji mzoefu huishuku asilimia iliyotokea hewani, na akishaishuku moja anaanza kuishuku karatasi nzima.

Hapo niseme kuhusu vitenzi, maana ndiko uongo mdogomdogo unakojificha. Kutumia mfumo, kuusanidi, kuusimamia na kuujenga ni kazi nne tofauti. Chukua DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi. Mtu aliyekuwa akiingiza takwimu za kituo cha afya kila mwisho wa mwezi ameutumia. Aliyetengeneza fomu mpya ya kuingizia takwimu, akaweka masharti ya kuzuia namba zisizowezekana, ameusanidi. Aliyekuwa akiangalia seva yake, akichukua nakala rudufu na kujaribu kuzirejesha, ameusimamia. Aliyeandika msimbo wa kuunganisha DHIS2 na mfumo mwingine amejenga kitu. Wote wanne huandika kwamba "walifanya kazi na DHIS2", na wote wanne wanajiumiza: wa kwanza anaonekana anajikweza akishaulizwa, na wa nne anaonekana wa kawaida, haitwi. Panga vitenzi vyako kwa haki. Kama ulimsaidia mtu, sema ulimsaidia na utaje sehemu uliyoshika wewe mwenyewe. "Nilimsaidia mhandisi wa mtandao kuhamisha ofisi, mimi nilivuta na kuweka lebo kebo zote za ghorofa ya pili" ni mstari bora kuliko "nilisimamia uhamishaji wa mtandao", kwa sababu kila aliyewahi kuhangaika na kebo zisizo na lebo atakupenda papo hapo.

Wengi huniuliza: hayo yote nitayakumbukaje, fildi nilifanya miaka miwili iliyopita? Jibu liko kwenye logbuku. Vyuo vyetu vingi humtaka mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aandike kila siku alichofanya, msimamizi asaini, na mwisho logbuku irudishwe idarani. Watu huijaza kwa ajili ya alama, wakaikabidhi na kuisahau. Kumbe humo ndimo wasifu wako ulimo. Siku uliyobadilisha diski ya kompyuta ya mhasibu na kuokoa mafaili yake, siku mliyogundua kwamba printa tatu zimepewa anwani moja ya mtandao, siku uliyokaa mpaka jioni kuwafundisha makarani mfumo mpya: yote yameandikwa kwa tarehe. Kabla ya kuikabidhi, piga picha kila ukurasa kwa simu. Kama umeshaikabidhi, kaa chini na mwenzako mliyekwenda naye fildi, mkumbushane wiki kwa wiki. Na kuanzia leo, hata kama umeajiriwa, weka daftari au faili moja ambamo kila Ijumaa unaandika mistari miwili ya ulichokitengeneza wiki hiyo. Mtu anayefanya hivyo hapati shida ya kuandika wasifu tena maishani.

Kuna kazi nyingine ambazo watu huziacha nje kwa kudhani si kazi kwa kuwa hazikuwa na barua ya ajira. Kijana amefunga waifai kwenye gesti ya mjomba wake. Ameweka ruta ya MikroTik, ametenganisha mtandao wa wageni na ule wa ofisi, ameweka kikomo cha kasi ili mgeni mmoja anayepakua filamu asiwanyime wengine, ametengeneza namba za siri zinazokufa mgeni anapoondoka. Kisha anaandika wasifu wenye fildi peke yake, na sehemu ya uzoefu inabaki tupu. Mwingine ameihamisha SACCOS ya kina mama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye jedwali la Excel lenye kanuni za kukokotoa riba, na baadaye kwenye kanzidata. Mwingine kila Jumapili ndiye anayerusha ibada mtandaoni, na anajua afanye nini intaneti ikipungua nguvu katikati ya mahubiri. Hizo ni kazi. Ziweke chini ya kichwa cha "Kazi binafsi" au "Miradi", taja mwaka, taja mahali, taja ulichokifanya na kinachoendelea kufanya kazi mpaka leo. Mwenye gesti akikubali, anaweza hata kuwa mdhamini wako. Msailiwa aliyeajiriwa na mjomba bado amekutana na mteja anayelalamika, bajeti isiyotosha na vifaa visivyofika kwa wakati, na hayo hayafundishwi darasani.

Projekti ya mwaka wa mwisho nayo inastahili kuandikwa upya. Mifumo ya kusimamia hosteli, ya kupiga kura na ya kuazima vitabu vya maktaba tumeiona mingi mno, na jina peke yake halimvuti msomaji. Kinachomvuta ni kama ulitoka nje ya utetezi wa projekti. Je, kuna mtu aliyeutumia mfumo huo kwa kweli, hata wanafunzi kumi wa bweni lenu? Walikwama wapi? Ulibadilisha nini baada ya hapo? Mistari miwili inayojibu maswali hayo ina thamani kuliko ukurasa mzima unaoorodhesha kurasa za mfumo.

Kwa anayeandika programu katika ukanda wetu, napenda sana kuona mradi unaogusa malipo ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo ni vigumu kujenga mfumo wa ada, wa duka au wa kikundi cha kuweka na kukopa bila kuombwa upokee pesa za simu. Kenya, Safaricom ilifungua Daraja, mlango wa kuunganisha programu na M-Pesa, kwa watengenezaji programu mwaka 2017. Tanzania, malipo ya Serikali hupitia mfumo wa GePG na ile kontroo namba tunayoijua sote. Kwa hiyo wengi wanaandika: "Niliunganisha mfumo na malipo ya simu." Aliyewahi kuifanya kazi hiyo atakuuliza hivi: mzazi amelipa ada, pesa imekatwa kwenye simu yake, ila ujumbe wa kuthibitisha haukufika kwenye seva yako kwa kuwa seva ilikuwa imezimika. Mfumo wako unafanya nini? Na ujumbe huohuo ukifika mara mbili, mtoto anaandikiwa kwamba amelipa mara mbili?

Kama uliyatatua hayo, hapo ndipo penye utajiri wa wasifu wako, na usipafiche chini ya orodha ya lugha za programu. Andika: "Mfumo wa ada wa shule ya sekondari, umejengwa kwa Laravel na MySQL. Huhifadhi namba ya kila muamala na kukataa unaojirudia. Kila usiku hulinganisha kumbukumbu zake na taarifa ya miamala, na asubuhi humwonyesha mhasibu tofauti zote." Sentensi hizo zinamwambia msomaji kwamba unafikiria kuhusu pesa za watu. Kama hukuyatatua, mradi wako bado unao, rudi ukayatatue kabla hujaomba kazi. Utajifunza zaidi katika wiki hiyo kuliko katika kozi nyingine mpya ya lugha ya sita.

Sasa sehemu ya ujuzi. Tafadhali achana na vile vimstari vya rangi vinavyoonyesha kwamba Python unaijua kwa asilimia 90 na Java kwa asilimia 75. Hakuna mtu duniani anayeweza kukueleza asilimia 90 ya Python ni ipi, na ukiulizwa ile kumi iliyobaki ni nini utakwama. Njia ninayoipendekeza ni makundi matatu. La kwanza ni vitu unavyovitumia mara kwa mara, ambavyo ukikalishwa kwenye kompyuta sasa hivi utafanya kazi. La pili ni ulivyovitumia katika mradi au fildi na unaweza kuvirudia ukipewa siku chache. La tatu ni unavyojifunza sasa. Mtu anayekiri kwamba PostgreSQL iko kundi la pili na mashine pepe za wingu ziko kundi la tatu anaaminika zaidi kwa yale aliyoyaweka kundi la kwanza. Katika usaili wa vitendo utawekwa mbele ya mashine, na kundi la kwanza ndilo utakalopimwa nalo. Kuhusu Microsoft Word na kuvinjari intaneti, usiviandike unapoomba kazi ya kusimamia mitandao. Inachukuliwa kuwa unavijua. Excel ni jambo jingine kama unaomba kazi ya takwimu; hapo taja unachoweza kufanya nayo.

Vyeti vya kitaalamu vinahitaji uangalifu wa pekee, na kosa moja ninaliona mara nyingi mno. Mtu amesoma kozi za CCNA kupitia Cisco Networking Academy chuoni kwake, akamaliza, akapewa cheti cha kumaliza kozi. Kwenye wasifu anaandika: "CCNA." Cheti cha kumaliza kozi na cheti cha CCNA ni vitu viwili. CCNA yenyewe hupatikana kwa kufanya mtihani wa Cisco, ambao tangu Februari 2020 ni mmoja, wenye namba 200-301, na cheti chake hudumu miaka mitatu. Mwajiri anaweza kukuomba namba ya uthibitisho akaihakiki. Usipokuwa nayo, msailiwa uliyekuwa na kozi nzuri mfukoni unageuka kuwa mtu aliyedanganya. Andika ukweli, nao unapendeza: "Nimemaliza kozi zote tatu za CCNA za Cisco Networking Academy, mtihani wa 200-301 natarajia kuufanya mwakani." Cheti kilichokwisha muda kiandike pamoja na tarehe yake. Na usiorodheshe vyeti vya kozi fupi za mtandaoni vinavyojaza nusu ukurasa. Chagua vinavyohusu kazi unayoomba, na karibu na kila kimoja weka kitu ulichokifanya kwa kutumia ulichojifunza. Ada ya mitihani hii ni kubwa kwa mtu asiye na ajira. Ikiwa huna uwezo wa kuilipa sasa, mradi uliokamilika utakutetea vizuri mbele ya mwajiri anayejua kazi.

Kuna jambo la lugha. Wasifu mwingi wa kazi hizi unatakiwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo watu hukimbilia misemo ya kukariri waliyoikuta kwenye sampuli. Mimi huwaambia vijana wafanye hivi: mweleze kwa Kiswahili rafiki yako asiye wa TEHAMA ulichokifanya, jirekodi kwa simu, kisha sikiliza. Utajikuta umesema, "Walikuwa wanaandika stoo kwenye daftari, kila mwezi dawa zinapotea, nikawatengenezea programu inayomwonya mfamasia dawa ikibaki kidogo." Hiyo ndiyo habari yenyewe. Iandike kwanza hivyo, kisha ihamishie kwenye Kiingereza chepesi, sentensi fupifupi, bila kuipamba. Kiingereza rahisi kilicho sahihi hakijawahi kumnyima mtu kazi ya kusimamia seva.

Juu kabisa, chini ya jina na mawasiliano, weka sentensi mbili au tatu zinazosema wewe ni nani kikazi. Usiandike malengo yako ya maisha. Mwajiri anataka kujua utamfaa kwa nini. "Fundi wa mitandao mwenye stashahada ya TEHAMA. Nimefunga na kuhudumia mitandao ya gesti mbili na shule moja Morogoro kwa vifaa vya MikroTik. Natafuta nafasi ya kusimamia mtandao wa taasisi yenye matawi." Anayeomba kazi ya kutengeneza programu ataandika nyingine, na anayeomba zote mbili atakuwa na wasifu wa aina mbili. Wasifu mmoja unaotumwa kila mahali hauwezi kusema vizuri kwa mtu wa mitandao, wa takwimu na wa usalama wa mifumo kwa wakati mmoja. Soma tangazo, tazama majukumu yaliyoorodheshwa, kisha panga mistari yako inayoyagusa ikae juu. Tumia maneno yaleyale ya tangazo pale yanapokuwa kweli kwako, kwa kuwa mashirika makubwa, benki na kampuni za simu huenda yakatumia programu ya kuchuja inayotafuta maneno hayo.

Programu hizo zina udhaifu wake, na ndiyo sababu nawasihi waombaji waachane na violezo vya stesheneri vyenye safu mbili, visanduku vya rangi na aikoni za simu na bahasha. Kwa macho vinapendeza. Mashine inaposoma safu mbili huweza kuchanganya mstari wa kushoto na wa kulia, na maandishi yaliyowekwa ndani ya kisanduku huweza kurukwa kabisa, ikiwemo namba yako ya simu. Jipime hivi: fungua wasifu wako wa PDF, chagua maandishi yote, nakili, kisha bandika kwenye Notepad. Yakitoka kwa mpangilio na yote yapo, uko salama. Yakitoka yamevurugika, rudi kwenye safu moja na vichwa vya kawaida. Yasipotoka kabisa, maana yake ulichonacho ni picha iliyoskaniwa, na hiyo ibadilishe leo. Faili lipe jina lako na kazi unayoomba. Kurasa mbili zinatosha kwa mtu wa miaka michache kazini. Shule ya msingi, dini, hali ya ndoa na mambo unayopenda kufanya wakati wa mapumziko hayana kazi humo.

Anayeomba serikalini Tanzania kupitia Ajira Portal ana taratibu zake na asizichukulie kijuujuu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanataka wasifu wenye anwani na simu zinazopatikana pamoja na wadhamini watatu, barua iliyosainiwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na vyeti kamili. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi, na aliyesoma nje anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika kama TCU au NECTA. Watu wenye uwezo mkubwa huachwa kwa sababu ya kiambatisho kimoja. Jina lako lilingane kwenye kila cheti, na kama halilingani shughulikia kiapo mapema, usisubiri tangazo. Kisha kumbuka kwamba huko kuna usaili wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano, na ule wa vitendo hauna huruma kwa mtu aliyejaza wasifu vitu asivyoviweza.

GitHub ni msaada mkubwa kwa mwandishi wa programu, ila kiungo cha akaunti tupu ni bora kisiwepo. Chagua miradi miwili au mitatu, kila mmoja uwe na faili la README linaloeleza mfumo unafanya nini, unawashwaje, na nini bado hakijakamilika. Picha moja ya skrini inasaidia sana. Lakini kabla ya kuufungulia umma msimbo wowote, upekue. Nimekuta nywila za kanzidata, funguo za kuunganisha malipo, hata jedwali la wanafunzi halisi lenye majina na namba za simu za wazazi, vyote vikiwa wazi kwa dunia nzima. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwajiri akiona taarifa za watu zimemwagwa kwenye akaunti yako hatathubutu kukukabidhi za kwake. Ukigundua umefanya hivyo, kulifuta faili hakutoshi, kwa kuwa historia ya mabadiliko inalitunza. Badilisha nywila na funguo zenyewe. Msimbo wa mwajiri wako wa zamani ni wake. Ueleze kwa maneno, usiuweke.

Linda na taarifa zako mwenyewe. Namba ya kitambulisho cha Taifa utaijaza kwenye mfumo rasmi unapotakiwa, lakini haipaswi kukaa kwenye wasifu unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya nafasi za kazi. Mji na wilaya vinatosha badala ya namba ya nyumba. Na yeyote anayekuomba "pesa ya fomu" ili wasifu wako ufike kwa meneja ni tapeli.

Wapo wanaohama kutoka fani nyingine, na kwao nina neno moja. Mwalimu wa hisabati aliyejifunza uchambuzi wa takwimu asiifiche miaka yake ya ualimu ili aonekane mwana-TEHAMA tangu kuzaliwa. Aeleze kwamba alikuwa akichambua matokeo ya majaribio ya wanafunzi 200, kwanza kwa kalamu, baadaye kwa Excel, na sasa kwa Python, na kwamba aliona mada gani inawaangusha na akabadilisha ratiba ya vipindi. Anayeweza kumweleza mkuu wa shule maana ya jedwali la takwimu ataweza kumweleza meneja wa benki. Muuguzi anayeomba kazi ya mifumo ya hospitali ana kitu ambacho wengi wetu hatuna: anajua foleni ya wagonjwa inavyokwenda. Akiweke juu kabisa.

Ukimaliza, mpe wasifu mtu anayefanya kazi unayoitaka, mwombe aulize maswali mawili kwa kila mstari, bila kukuonea aibu. Pale utakapokwama, ama jifunze mpaka uweze kujibu, ama futa. Kama huna mtu wa namna hiyo karibu, wanafunzi wenzako wanatosha. Sailianeni kwa zamu.

Mwisho ni wadhamini. Mpigie kila mmoja kabla hujaandika jina lake, umuulize kama yuko tayari kukusemea kuhusu kazi hii hasa. Achana na mkubwa asiyekukumbuka. Msimamizi wako wa fildi aliyekuona ukipanda darini kufuata kebo ana ya kusema. Mtumie tangazo na wasifu wako, mkumbushe kwa ujumbe mfupi kazi mlizofanya pamoja na mwaka wenyewe, kisha hakikisha namba uliyoiandika ndiyo anayoipokea, maana wengi wameshabadilisha laini.